Visima Tisini na Sita vya Solveig Haugland

Ndugu, majirani na nyote mliokanyaga theluji hii kuja kutufariji, mimi Torvald, mdogo wake marehemu, nimetumwa na familia niwasomee maisha ya dada yetu Solveig Haugland, na nitayasoma kama yalivyokuwa, maana mwenyewe hakupenda kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Alizaliwa tarehe 9 Februari 1958 hapa hapa Nordby, Minnesota, kifungua mimba wa mzee Anders na mama Gudrun, wakulima wa ngano, akasoma hapa hadi 1976, kisha akaenda Fargo kusomea uhandisi wa majengo, akahitimu Mei 1981. Tarehe 18 Juni 1983 alifunga ndoa na Curtis Engstrom, wakajaliwa binti mmoja, Britta, huyu aliyekaa mbele.

Mwaka 1989 chuo kikuu chetu kilimwajiri kupanga na kusimamia majengo, akakuta boila la makaa ya mawe, lile la kupasha majengo joto, linatapika masizi hadi kwenye nguo za watu kambani, akaapa kwamba siku moja chuo kitapashwa joto bila moshi. Aliwasumbua wakubwa miaka ishirini na mitano, wakamchoka, na mwaka 2014 vikachimbwa, katika uwanja wa chuo, visima tisini na sita vya kuvuta joto la ardhini, vikafukiwa kwa muda vikisubiri mabomba ya kwenda mabwenini.

Tarehe 2 Mei 2016 wahitimu waliomba mahali pa kupanda miti yao, kila mti na kibao chenye jina la mwenzao aliyefariki, kama ilivyo desturi, naye Solveig akatia saini wapande kaskazini ya uwanja huo. Sasa, mnaofanya kazi kule mnajua, kaskazini ya ramani za chuo siyo ya dira, imepindishwa ili majengo yakae sawa kwenye karatasi, na Solveig, jamani, hakuandika ni ipi. Watunza bustani wakafuata dira. Alirudi kutoka likizo akakuta miti kumi na mmoja imesimama juu ya visima vyake, na wazazi wa marehemu wameipigia magoti.

Nani angeing'oa? Mkuu wa chuo alimwambia, "Basi, Solveig, nenda wewe ukamwambie mama wa mmoja wa hawa watoto." Akaenda, akapewa kahawa, akaonyeshwa picha za kijana wake marehemu, akarudi, na miti ikabaki. Aliniambia jikoni kwake, "Torvald, ni mkono wangu huu huu, simlaumu mtu." Badala ya visima likawekwa boila jipya la gesi, la kutumika miaka thelathini mingine.

Machi 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, na kila asubuhi alimwomba Britta amsogeze dirishani atazame kama moshi wa chuo bado upo, na ulikuwepo, hata tarehe 11 Januari 2023, saa nne asubuhi, alipokata roho akiwa na miaka sitini na minne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuondolea theluji mlangoni, kina mama wa kanisa waliopika chakula kilichoko ukumbi wa chini, na wafanyakazi wenzake. Chuo nacho tunakishukuru kwa barua ya juzi, kwamba kitampandia marehemu mti wenye kibao, katika uwanja ule ule. Familia imekaa, Britta amelia sana, na jibu letu ni hili, tunawasihi, msimpandie.

Dada, hatukuweza kukufungulia hata kisima kimoja. Pumzika kwa amani.