Profesa Tseng na Joto la Nyuma ya Mashine

Tarehe 31 Julai, Profesa Tseng Hsiu-lan anastaafu baada ya kufundisha takwimu na sayansi ya data hapa Hsinchu kwa miaka ishirini na minane. Ofisi ameshaikabidhi. Kinu chake kidogo cha kutwangia chai bado kiko kwenye kabati letu la ofisi ya idara, na hakuna anayethubutu kukisogeza.

Wengi tunamkumbuka kwa somo lake la Data na Mazingira, ambalo mwaka huu nusura liondoke naye. Alipolileta kwa wanafunzi wa uzamili, mkuu wa idara wa wakati huo alimtania kikaoni, "Dada Tseng, tunafundisha kompyuta au kilimo cha mchicha?" Akajibu, "Mchicha hauli umeme, mkuu." Kikao kikacheka, somo likapita, ingawa kama somo la hiari.

Kipindi cha kwanza hakikufanyika darasani kamwe. Aliwasimamisha wanafunzi nyuma ya kompyuta kubwa, panapotoka hewa ya moto, waonje joto la kazi zao. Marehemu mume wangu, Fan Wen-ho, fundi wa chumba cha mashine hizo, aliwaandalia taulo.

Mwaka wa ukame, mashamba ya mpunga yalipokosa maji, mwanafunzi wake Wei Kuan-ting aliunda modeli kubwa ya kubashiri kina cha bwawa. Mashine zikanguruma nayo wiki nzima. Mwalimu akamtaka ailinganishe na hesabu nyepesi ya mvua tu.

"Mwalimu, yangu inapatia zaidi!"

"Kwa kiasi gani?"

"Kidogo..."

"Basi kasimame nyuma ya mashine. Ukiiva, rudi tuongee."

Alirudi shati limelowa, anacheka. Hesabu nyepesi ndiyo iliyoingia kwenye tasnifu yake, na wasimamizi wa mifereji ya mashamba kijijini kwao wanaitumia hadi leo kwenye kompyuta kuukuu.

Juu ya mashine zetu, kwa imani ya mafundi wa hapa, hukaa pakiti za kijani za bisi zenye ladha ya nazi, ili mashine zisilete ukorofi. Pakiti ikipitwa na tarehe, bahati nayo huisha. Wen-ho ndiye aliyezibadilisha. Alipofariki majira ya baridi yaliyopita, Mwalimu aliichukua kazi hiyo bila kuombwa. Asubuhi moja nilikuta pakiti mpya mahali pake, na ile ya zamani mezani kwangu, kama Wen-ho alivyozoea kuniachia.

Machi, idara ilipokutana kuamua kama somo lifutwe, Mwalimu aliomba jambo moja tu: kikao kifanyike nyuma ya mashine. Hakutoa hotuba. Kabla ya chai kupoa, wajumbe walikuwa wamevua makoti na kulifanya somo la lazima kwa kila mwanafunzi wa uzamili. Kuanzia Septemba, atalifundisha Dakta Wei Kuan-ting, yule yule aliyeiva.

Asante, Mwalimu. Tunakuombea afya, na kiti mahali penye upepo. Pakiti za kijani tutazibadilisha sisi. Kinu chako hatutakituma; njoo ukichukue mwenyewe, tukuone tena.