Vichekesho Visivyotaka Maneno

Kwenye treni, fundi cherehani alijifanya amesinzia, kumbe masikio yote yako kiti cha mbele. Jamaa anayetia sauti yake ya Kiswahili kwenye DVD za ngumi alikuwa akibishana na mama asiyemjua.

"Hata ile filamu ya vichekesho vya zamani, isiyo na sauti, umeijaza maneno, kaka! Mama mkwe wangu alikuzima sauti, ndipo akacheka mpaka akashika mbavu."

"Bila mdomo wangu, dada, angejuaje mtu kateleza?" Akasimama amwonyeshe. "Ona, huyoo anakuja, huyooo…"

Treni ikafunga breki kituoni. Bingwa chali, miguu juu, kofia mapajani kwa fundi. Behewa zima likaangua kicheko.

Akainuka, akavaa kofia, akainama kwa madaha kama aliyetunzwa, akashuka bila neno.

"Umeona?" mama akampigia kelele dirishani. "Hiyo sasa ndiyo filamu!"