Simu ya Msumarini

Benchi lile halikuwekwa pale kwa ajili ya kahawa. Lilifuata msumari. Zamani, mtaa mzima ulipokuwa na simu moja ya vitufe, mtandao ulishika mahali pamoja tu: ukutani, pembeni ya dirisha la chumba cha Birika, usawa wa sikio la mtu mzima. Ukiisogeza kidogo, umeshampoteza uliyekuwa unaongea naye. Basi Birika akapigilia msumari, akaining'iniza simu kwa kamba ya kiatu, na watu wakawa wanakuja kungoja simu zao. Waliongoja walichoka kusimama, ndipo likaletwa benchi. Waliokaa sana walishikwa na kiu, ndipo Birika akaanza kuchemsha kahawa, na jina lake la kuzaliwa likasahaulika. Siku hizi kila mtu ana simu yake mfukoni na mtandao unashika hadi chooni, lakini benchi lipo, kahawa ipo, na simu ile bado iko msumarini, waya wake wa chaji umepita dirishani.

Jioni hiyo benchi lilijaa mapema. Kampuni moja kubwa, ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumiliki kitu chake kikiwa kipya, ilikuwa inatangaza simu ya mwaka saa moja kamili, na wajuvi wa kijiwe walikuwa wanaitangaza tangu asubuhi. Alikuwepo Betri, fundi simu wa kibanda cha jirani. Alikuwepo Kontena, mpakia mizigo, mwenye mwili uliolistahili jina hilo. Na alikuwepo Kichwa cha Habari, mshona nguo, aliyeitwa hivyo kwa sababu magazeti huyasoma vichwa tu, yaliyobaki anajitungia.

— Hii inakaa na chaji mwezi mzima, alisema Kontena. Inakula joto la mwili. Ukiitia mfukoni tu, inashiba.

— Na mtu akiwa na homa? aliuliza Betri.

— Inajaa haraka zaidi.

Kichwa cha Habari alikataa. Haraka haraka haina baraka, alisema, ndiyo maana chaji za siku hizi zinajaa mara moja na kuisha mara moja. Kwa habari alizonazo yeye, simu hii itakuwa inapokea yenyewe kwa sauti ya mwenye nayo. Mkeo akiuliza uko wapi, inamjibu kwamba uko njiani.

— Hiyo hata mimi ninayo, alisema Kontena. Inaitwa uongo.

Birika alicheka na wenzake huku akimimina. Alipenda siku kama hizi, maana mabishano ya simu mpya hayakuwahi kufika mbali bila kurudi nyuma, na nyuma ndiko alikopenda kukaa. Na kweli, kahawa ya pili haijapoa, Betri alishaanza kuomboleza simu zilizokuwa zinafunguka kwa ukucha. Unatoa betri, unaianika juani, unairudisha, inaamka. Sasa wanazifunga kwa gundi kama bahasha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alisema, ndiyo maana hata tundu la chaji wameliweka chini, na mwenye methali yake hakuulizwa inahusiana na nini.

Wakakumbuka kubipu. Bipu moja, nimefika salama. Mbili, nipigie, sina salio. Tatu, kuna msiba au kuna harusi, njoo nyumbani utajua mwenyewe. Wakakumbuka sheria ya msumarini. Aliyekaa karibu ndiye aliyepokea, akasema maneno yale yale: kijiweni hapa, unamtaka nani? Kisha mtu wa pili akatoka barabarani kumwita anayetakwa. Hata kama aliyepokea ndiye mwenyewe anayetakwa, ilikuwa lazima aiache simu ikining'inia, aitwe kama wengine, ndipo aje. Sheria hiyo waliiweka baada ya bwana mmoja kujifanya mwenzake na kuyasikia ya mwenzake, yakawa makubwa.

— Mimi niliitwa kwa sauti yako, Kontena, alisema Kichwa cha Habari. Siku mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa. Uliniita mpaka mbwa wakabweka.

Kontena aliinamisha kichwa, akaona haya kwa raha.

Hapo ndipo Betri alipoharibu. Aliweka kikombe chini kama mtu mwenye siri ya serikali, akasema kubwa kuliko yote hawajalisikia bado. Simu hii mpya haitakuwa na mlango wa laini. Hakuna kuchomeka chochote. Namba yako itakaa hewani, na hizi laini za zamani, zisizopigiwa wala kutiwa vocha, zitafungwa zote, namba wapewe wengine.

— Wapewe akina nani? aliuliza Birika.

— Yeyote. Namba ni kama chumba cha kupanga, kaka. Ukihama anaingia mwingine.

Kahawa ilifurika kikombeni ikamwagikia mkono wa Birika, naye hakuusogeza. Wenzake walitazama pembeni, kwa sababu walijua.

Mdogo wake Birika aliondoka kwenda kutafuta maisha zamani hizo, na kila Ijumaa alipiga msumarini. Alikuwa mcheshi, aliyepokea hakuachiwa kabla hajachekeshwa. Baadaye ikawa Ijumaa moja moja. Baadaye ikawa kimya. Habari mbaya haikuja, nzuri haikuja. Namba ya msumarini ndiyo pekee aliyoijua kwa kichwa, kwa hiyo Birika aliichaji simu ile kila siku iliyopambazuka, akaifuta vumbi, akabadilisha kamba ilipochakaa. Mwaka mmoja mtu aliibipu kwa utani, na Birika akaiacha birika jikoni, akaja mbio akajikwaa, akaumia goti vibaya. Tangu hapo benchi likaapa: namba hiyo haichezewi. Hakuna aliyeipiga tena. Wala yeye mwenyewe hakuwahi. Alijiambia anaheshimu kiapo, lakini ukweli alikuwa anaogopa.

Kontena akajaribu kuyageuza mazungumzo. Alisema kwa habari za ndani kabisa, simu mpya itaweza kunusa. Ukimpigia mtu utajua amekula nini. Kichwa cha Habari akaongeza kwamba itakupigia watu usiku ukiwa umelala, wale unaowaota. Betri akasema hilo haliwezekani, halafu akasema labda mwakani.

Walikuwa wamefika hapo alipokuja muuguzi aliyehamia juzi nyumba ya pili, bado amevaa sare, akaomba kahawa na kusogezewa nafasi. Aliwasikiliza kwa adabu. Aliisikia simu inayonusa, akaisikia inayoota. Kisha akainua macho ukutani.

— Na hiyo hapo, inaita?

Watu waliokuwa na majibu ya mwakani walikosa jibu la leo. Kontena alimtazama Betri. Betri alitazama viatu vyake.

— Hatujui, alisema Birika mwishowe.

— Si mpige mjue?

Hakuna aliyemweleza, na pengine ingekuwa vigumu. Birika alishika kitambaa chake cha mikono akakikunja, akakikunjua. Ikiwa ile sauti ya kike itasema namba haipatikani, basi mdogo wake alipiga, siku fulani, akaambiwa hivyo hivyo. Akaona mlango umefungwa. Miaka yote hii amekuwa akichaji kitu kisicho na roho. Na ikiwa inaita, basi ilikuwa inaita wakati wote, na mdogo wake hakupiga. Yote mawili yalimtisha, na hakujua lipi zaidi.

— Mwache apige, alisema Betri kwa sauti ndogo. Vocha nilikuwa natia, kaka. Nikikumbuka. Kama ilikuwa inafika sikuthubutu kuangalia.

Birika alimtazama fundi yule aliyekuwa anamtania kila jioni, akamjazia kikombe. Akamtajia muuguzi namba, moja moja, bila kuitazama popote.

Muuguzi alibonyeza, akaweka simu sikioni. Kwa muda haukusikika hata mlio. Kisha pale msumarini kioo kidogo kikawaka rangi ya majani, na mlio ule wa zamani, mwembamba, wa kukera, waliokuwa wamekwisha kuusahau, ukaanza kulia. Benchi zima lilisimama. Halikuambiwa, lilisimama tu kama lilivyosimama zamani.

Birika ndiye aliyekuwa karibu. Akapokea, na mdomo ukakumbuka wenyewe.

— Kijiweni hapa. Unamtaka nani?

Muuguzi, aliyesimama mbele yake kabisa, alisita. Hakuijua sheria, ila aliuona uso.

— Namtaka Birika, alisema.

— Subiri, aitwe.

Akaiacha simu ikining'inia kwa kamba yake. Kontena alikuwa ameshatoka katikati ya barabara, amekinga mikono mdomoni, na sauti yake ikapita nyumba hata nyumba.

— Birika. Birika ee. Simu yako.

Mbwa walibweka. Ndani ya simu ya Kichwa cha Habari, iliyosahaulika juu ya benchi, watu wa mbali walikuwa wanapiga makofi, simu ya mwaka ilikuwa inatangazwa, na hakuna aliyegeuka kuiangalia. Birika alijifuta mikono kwa kitambaa. Akavuta hatua, ingawa alikuwa amesimama pale pale, akaishika simu kwa mikono miwili na kuisogeza sikioni, usawa ule ule ambao mtandao ulishika.

— Haloo, alisema. Ni mimi. Bado niko hapa hapa, mdogo wangu, namba ni ile ile.

— Nakusikia vizuri, alijibu muuguzi, na hakukata.