Kesho ya Fundi

Ndani ya basi, binti mmoja alikuwa akimweleza fundi cherehani aliyeketi naye habari za programu yake ya akili bandia, inayowajibu wateja wa mafundi nguo kwenye simu. Uso ulimng'aa kama bibi harusi.

"Nani kakupa mtaji, mwanangu?"

"Hakuna, mama. Mfadhili sina, na wafuasi wangu mtandaoni ni dada zangu tu. Fundi mmoja akiipenda, anamwambia mwenzake. Inakua hivyo hivyo!"

"Na haikosei?"

Binti akacheka. "Mwanzoni fundi mmoja alisema nguo tayari kesho, nayo ikawaita wateja wote kesho yake. Wakajaa mlangoni, nguo bado vitambaa!"

"Mungu wangu! Umetuumbua!"

Abiria wa nyuma, aliyejifanya kusinzia, akafumbua jicho moja.

"Nimeshaifunza, mama. Sasa ikisikia kesho, inauliza: kesho ipi?"

Fundi akanuna. Kesho ni kesho, akasema, mashine isimfundishe kazi. Hata hivyo namba ya binti aliichukua, na basi liliposimama akashuka, kisha akageuka, kicheko kimemjaa.

"Naitaka hiyo programu, mwanangu! Nakupigia kesho!"

Binti akafungua kinywa amuulize, mlango ukafungwa.