Bidon ya Kuogeshea Mjukuu

Ndani ya taxi ya kwenda Beni, Mama Débora alipakata bidon, dumu la maji ya source, chemchemi ya kwao Butembo, ya kuogeshea mjukuu aliyezaliwa juzi. Zorobabel, abiria aliyebanwa kati yake na Laurent wa serikali, alisikiliza bila haya.

Laurent alifungua ramani. "Mama, hii rangi nyekundu ni sumu. Inatoka ku shimo ya takataka ya usine, ile kiwanda, inapita chini ya udongo mpaka ku source yenu. Hapana kuoga ile mayi!"

"Mais sisi bote balituoshaka nayo! Ku carte yako, mulichora na lile jiwe la pale ku source mama yangu alikuwa anapumuzikiaka?"

Laurent akalitafuta kweli kwenye ramani. Zorobabel, aliyechezea jiwe hilo utotoni, akapaona mahali pake: katikati ya wekundu.

Gari ikasimama Beni. Mama akashuka na bidon yake, akaelekea kwa mjukuu.