Jinsi ya Kumuua Alun Vizuri

Benchi letu liko kati ya saluni yangu na karakana ya viatu ya Mang Goryo, hapa Marikina, mji wa mafundi viatu wa Ufilipino. Lina miguu mitatu ya mbao, na wa nne ni rundo la matofali. Gundi ya viatu hupakwa pande zote mbili, kwenye soli na kwenye ngozi, halafu huachwa robo saa kabla ya kubandika, na hiyo robo saa ndiyo bunge letu. Wiki ya kabla ya shule kufunguliwa viatu ni vingi, kwa hiyo robo saa nazo ni nyingi. Kahawa natia mimi, ya pakiti, yenye maziwa na sukari humo humo, na asiyeipenda akanywe kwao. Jina langu ni Mama Pining. Cheti cha kuzaliwa kinasema Crispin, lakini padri aliyenibatiza alikuwa na haraka. Mimi ni bakla, ndivyo wanaume wa aina yangu tunavyoitwa huku na ndivyo tunavyojiita, na nimetengeneza nywele za mabibi harusi wote wa mtaa huu, mmoja wao mara mbili, ila hilo tuliache.

Waliokuwepo siku hiyo ni hawa. Mang Goryo, yaani Mzee Goryo, ambaye tunamwita Soli. Tolits, tunayemwita Mheshimiwa kwa sababu amegombea udiwani mara tatu, na mara zote tatu amepata kura za nyumbani kwake, tena si zote. Nene, au Redio, anayeuza keki za mchele kwenye ungo na kugawa habari bure. Na Ambo, mwenye pikipiki ya kibanda cha abiria. Ambo ni wangu, huu mwaka wa ishirini na mbili, na hupenda kukaa upande wa matofali ili asiulizwe kitu.

Ditas akatoka karakanani, macho yamevimba, simu mkononi. Ditas humshonea Soli ngozi za juu, na kwa miaka miwili amekuwa akiandika kwenye simu hadithi ya vijana, sura moja kila Jumamosi. Obet, mtoto wa fundi viatu, anapotea msituni na kukutana na Alun, kijana wa mizimu anayeishi ndani ya mti wa balete. Wanapendana, wavulana hao wawili. Watoto wa shule wanaisoma mpaka wanaunguza wali jikoni. Sisi wa benchi tulikuwa tunaisoma kila mtu kwa siri yake, mpaka siku Mheshimiwa alipolia hadharani. Sasa wachapishaji wa vitabu vya vijana wameipenda, na sura ya mwisho waliitaka siku hiyo hiyo, kabla ya saa sita mchana.

Ditas: Nimemuua Alun, jamani. Nimemuua mara nne, na hakuna kifo hata kimoja kilichokaa vizuri.

Redio akatua ungo chini. Hilo hulifanya kwa misiba na kwa uchaguzi tu.

Redio: Umemuuaje?

Ditas: Kwanza kwa upanga. Halafu akageuka moshi. Halafu akaanguka mtini.

Soli: Kaishi juu ya mti miaka mia tatu, leo ndiyo ateleze?

Ditas: Ndiyo maana nimekuja kwenu, bosi.

Mheshimiwa: Na mara ya nne?

Ditas: Homa.

Tukatazama chini. Homa, kwa kweli, ilikuwa aibu.

Mimi: Mwanangu, umekuja mahali pake. Hapa tutamuua mpaka apendeze.

Soli: Mimi ninalo jibu, na ni la kitaalamu. Mtu akipotezwa na mizimu anafanyaje? Anageuza shati, la ndani linakuwa nje, njia inaonekana. Basi Obet ageuze shati lake arudi kwao. Na shati likigeuka tu, Alun anakata roho.

Mheshimiwa: Shati linaua?

Soli: Kwa mzimu, ndiyo. Sisi tunageuza, tunaenda zetu nyumbani, hatuulizi huko nyuma kumetokea nini. Kila shati moja, mzimu mmoja chali.

Redio: Basi mume wangu kamaliza ukoo mzima. Kila Ijumaa akitoka kunywa anarudi shati limegeuka.

Soli: Mbona unacheka? Hayo ni mauaji.

Mheshimiwa: Ngojeni, ngojeni. Mnakwenda haraka bila utaratibu. Kufa ni jambo la kisheria. Huyu Alun ana cheti cha kuzaliwa?

Ditas: Hana. Alizaliwa kwenye umande.

Mheshimiwa: Mmeona? Asiye na cheti cha kuzaliwa hapewi cheti cha kifo. Asiye na cheti cha kifo hajafa, hata mkimfukia. Lazima kwanza aende ofisi ya mtaa, achukue barua ya ukaazi.

Soli: Anwani aandike nini?

Mheshimiwa: Mti wa balete, tawi la tatu, mkono wa kulia. Akae miezi sita, athibitishwe na majirani wawili, ndipo aruhusiwe kufa. Hizo ni sura kumi na mbili za foleni, na kila kijana wa nchi hii atajiona humo.

Ambo: Mimi nilipanga foleni ile siku mbili. Kufa ningependa.

Redio: Nyinyi wanaume mnahangaika na kifo. Kifo ni dakika moja. Mimi naangalia msiba. Siku tisa za sala, watu wale nini? Wenzetu wa msituni wanakula wali mweusi usio na chumvi, na binadamu akiuonja tu harudi tena kwao. Sasa ukoo wa Obet umekwenda kuzika, wana njaa, wamekaa kwenye mikeka, sahani zinapita. Usiku wa kwanza tu mtaa mzima umepotea.

Mheshimiwa: Mtaa mzima ukihamia msituni, uchaguzi utafanyika huko huko.

Redio: Huko labda utashinda. Mizimu haikujui.

Mheshimiwa akamwaga kahawa kwa kucheka, nami nikamwongezea nusu, kwa sababu kijiwe hakiendeshwi kwa huruma.

Soli: Halafu kuna hili la viatu, mmelisahau. Maiti huku havalishwi viatu, nyumba isije ikasikia hatua usiku. Baba yangu alishona viatu miaka hamsini, akazikwa pekupeku. Nilimfichia jozi chini ya mto wa kichwa. Msimwambie padri.

Redio: Goryo, padri anajua. Nilimwambia mimi.

Mimi: Haya, kimya. Sasa mnisikilize mimi niliyesomea urembo. Sura ya tatu inasema nywele za Alun zinafika kiunoni. Nazichana, nazipaka mafuta ya nazi, nazisuka na maua ya sampagita mapya, si yale ya jana. Anafia mikononi mwa Obet. Mvua inanyesha. Bendi saba za tarumbeta zinatoka msituni, mbili za akiba. Farasi mweupe anapiga magoti. Mto wetu wote unageuka, maji yanapanda kurudi mlimani kwa huzuni.

Ambo: Mto ukigeuka ni mafuriko, Pining. Mwaka ule ulikaa juu ya paa siku mbili unalilia sufuria zako.

Mimi: Wewe kunywa kahawa.

Redio: Lakini Pining, mbona unamtaka afe kwa nguvu hivyo? Wewe si ndiye uliyekuwa unambusu kwenye simu?

Hilo lilinigusa pabaya, nikalijibu kwa kucheka, ila nitalisema hapa kama lilivyo. Nilipokuwa mdogo, hadithi za picha zilikodishwa kwenye benchi kama hili, zimefungwa kwa kamba dukani usiondoke nazo. Watu wa namna yangu walikuwemo. Kazi yao ilikuwa kubeba feni ya binti mfalme na kuanguka matopeni watu wacheke. Halafu siku moja, nina miaka kumi na moja, nikakutana na mmoja aliyekufa. Alimkingia mshale mwanajeshi aliyempenda, akafa ukurasa wa kabla ya mwisho, na hakuna aliyemcheka. Nililia kwa furaha. Nilidhani kufa ndiko kupandishwa cheo, na tangu siku hiyo sikuwahi kuwaombea watu wangu kitu kikubwa zaidi ya mazishi mazuri.

Mimi: Nataka apate heshima zake, basi.

Ditas: Na mimi vilevile, Mama Pining. Hadithi zote nilizosoma za wawili kama hawa, mmoja anakufa. Ndivyo zinavyoishaga.

Mheshimiwa: Basi heshima naijua mimi. Joka linalomeza mwezi. Linakuja, mwezi haulitoshi, linamaliza na Alun juu yake. Mtaa wote unatoka na sufuria, tunapiga mpaka litapike.

Soli: Linatapika mwezi kwanza au Alun kwanza?

Mheshimiwa: Kwa mpangilio wa herufi. Alun kwanza. Anatoka amekufa, lakini anang'aa.

Redio: Aliyetapikwa ana heshima gani?

Mheshimiwa: Kapitia mwezini, Nene. Wewe umepitia wapi?

Soli: Mdundo ungekuwaje? Hivi?

Soli akaanza kugonga kikombe kwa nyundo ndogo ya soli. Redio akadaka kwa kijiko kwenye chupa ya chai, Mheshimiwa akapiga benchi, mimi nikaimba sehemu ya tarumbeta, zote saba. Tulikuwa tunalitapisha lile joka mbele ya mtaa mzima, na Ditas kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa anacheka huku ameshika tumbo.

Tuliponyamaza kuvuta pumzi, kulikuwa na binti amesimama mbele yetu, kashika kiatu cha shule kilichoachama. Miaka kumi na mitatu hivi. Ni wa ile familia iliyohamia juma lililopita nyuma ya kanisa. Anaitwa Mutya.

Soli: Lete, mwanangu. Kaa usubiri, si kazi kubwa.

Mutya: Shikamooni. Mlikuwa mnamsema Alun? Wa Obet?

Redio: Unaisoma?

Mutya: Mara sita. Tunaisoma pamoja na Liway, msichana wa kule tulikotoka.

Jina hilo, Liway, alilitamka taratibu kuliko maneno mengine, halafu akatazama kiatu. Mimi nimekaa saluni miaka thelathini na tano, nasikia majina yanavyotamkwa. Nikamsogezea nafasi katikati ya benchi na keki ya mchele, ya Redio, bila kumwomba Redio.

Soli: Basi huyu hapa ndiye Ditas mwenyewe. Leo anamalizia.

Mutya akamgeukia Ditas. Hakuigusa keki.

Mutya: Dada Ditas, nimesikia mkisema atakufa.

Ditas: Tunatafuta namna nzuri.

Mutya: Lazima?

Mheshimiwa: Binti, hizi hadithi zina mwendo wake. Wakiwa wawili wa namna hiyo, mmoja huondoka. Waulize wote hapa, watu wazima.

Mutya akatuangalia mmoja mmoja. Akafika kwangu. Wakati huo Ambo alikuwa ananichomoa kibanio cha nywele nilichokisahau kisogoni tangu asubuhi, ulimi kautoa pembeni, kwa sababu kilinasa. Binti akamtazama Ambo, akanitazama mimi. Hakukuwa na utundu wowote usoni mwake. Alitaka kujua.

Mutya: Sasa kati yenu nyinyi wawili, ni nani anayetakiwa kufa?

Mheshimiwa, mtu aliyehutubia mikutano mitatu ya kampeni, akainamia kikombe chake. Redio akaanza kupanga keki zake upya. Soli akaikodolea macho soli.

Ambo: Leo mimi siwezi. Nina abiria saa saba.

Nilicheka mpaka nikashika bega la Mutya nisianguke, na katikati ya kicheko hicho nikajikuta nalia, sikuficha. Miaka hamsini na nane duniani, ishirini na miwili chini ya paa moja na mtu huyu, na nilikuwa nimekaa pale asubuhi nzima nawapangia wenzangu mazishi. Ambo alidhani ni kile kibanio kimeniumiza, akaomba radhi.

Ditas alikuwa ameacha kucheka. Alimgeukia Ambo, na Ambo akajaribu kusogea, lakini benchi liliishia pale.

Ditas: Kaka Ambo, jana jioni mlifanya nini?

Ambo: Nani, sisi? Tuligombana.

Ditas: Kuhusu nini?

Ambo: Feni. Yeye anataka ielekee kitandani, mimi nataka ielekee mlangoni, itoe joto.

Ditas: Halafu?

Ambo: Halafu tukala. Samaki mkavu na nyanya. Alikasirika lakini aliniachia kichwa.

Ditas: Halafu?

Ambo: Nikamkanda miguu, maana anasimama kutwa. Akasema bado amekasirika. Basi. Tukalala.

Ditas: Na feni?

Ambo: Ilielekea kitandani.

Ditas alikuwa ameshainamia simu. Vidole vilikwenda mbio kuliko cherehani yake, na kila mara alifuta kitu kirefu, kisha akaendelea. Nikaona jina la Obet likipita, na la Alun, na neno nyanya.

Mheshimiwa: Mzimu wa mtini ana feni gani, na umeme anatoa wapi?

Ditas: Obet atavuta waya.

Mheshimiwa: Kibali anacho?

Redio: Tolits, nyamaza.

Mutya sasa alikuwa amekaa katikati ya benchi, kati yangu na Ambo, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kumpigia Liway amwambie Alun hafi. Nikamwambia amuulize mwenye hadithi. Ditas, bila kuinua kichwa, akasema ngoja, imebaki sentensi moja.

Tukangoja wote. Ilikuwa bado dakika ishirini kufika saa sita. Ditas akasoma alichoandika tangu juu, midomo ikicheza, akabonyeza kutuma, akatulia akiangalia kioo cha simu mpaka kilipomwambia imefika. Kisha akamgeukia Mutya.

"Mpigie," akasema.