Mkufu Uliokaa Dirishani Miaka Thelathini na Miwili

Jamaa, majirani wa mtaa wa Flowergate, na nyinyi wenzake wa biashara mlioketi kule nyuma, mimi ni Bryony, mjukuu pekee wa marehemu, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake, na nimeombwa nisome taratibu na nisiongeze neno, kwa hiyo nitasoma taratibu.

Marehemu Cuthbert Theaker alizaliwa tarehe 9 Machi 1931 hapa Whitby, mtoto wa mwisho wa seremala George Theaker na mkewe Ada, akasoma hapa hapa hadi Julai 1945, kisha akaingia dukani kwa mjomba wake kujifunza kutambua mapambo ya msiba ya zamani, yale ya wajane wa karne ya kumi na tisa, lipi ni jiwe letu jeusi la ufukweni, lipi ni kioo, na lipi ni mpira mgumu uliopikwa kwa salfa ukafanana na jiwe. Kazi aliijua, hilo simnyang'anyi. Kioo alikitambua kwa ubaridi wake shavuni, mpira aliusugua kwa dole gumba mpaka unuke salfa, na watu walitoka mbali na vitu vya wafu wao ili awaambie ukweli, naye aliwaambia kwa sauti, mbele ya wateja wengine, kisha akawatazama usoni aone unavyowaingia. "Bibi wee, umemlilia mumeo na kipande cha chupa," alimwambia mjane mmoja kutoka Pickering, na hadithi hiyo tuliisikia kila Krismasi.

Tarehe 11 Juni 1955 alimwoa Winifred Harland, wakajaliwa mtoto mmoja, mama yangu Maureen, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1958. Bibi Winifred alifariki kwa ugonjwa wa kifua tarehe 3 Februari 1989, na kabla ya kukata roho alimvika Mama mkufu mweusi wa bibi yake mwenyewe, aliyeuvaa kuwaomboleza wanawe wawili waliokufa vitani, akamwambia ni jiwe la Whitby, autunze.

Mama aliuvaa siku ya mazishi, tarehe 8. Tulipotoka makaburini, nasema tulipotoka ingawa sikuwa nimezaliwa, maana nimesimuliwa mara nyingi kama niliyekuwepo, watu walikaa kula nyama ya nguruwe na mayai ya kuchemsha, na marehemu, aliyekuwa akimenya mayai tangu watu waingie, aliinuka, akashika mkufu shingoni mwa binti yake, akasugua shanga moja, akanusa kidole. "Salfa! Mpira huu, Maureen. Mama yako kakuachia mpira." Bwana Leadley, mwenzake wa biashara, yule pale, akadakia, "Usijali, binti, mvua ikinyesha utakufaa!" Wakacheka, maiti hajamaliza saa mbili ardhini.

Kesho yake mkufu uliwekwa kwenye dirisha la duka lake na kikaratasi, MPIRA, USIDANGANYIKE, na Mama, aliyeuza mikate mtaa huo huo, akaanza kwenda kazini kwa njia ya nyuma.

Sasa, kila mtu wa kazi hii anajua kwamba mpira huo ukikaa juani hugeuka kahawia. Nilipokuwa na miaka kumi na minne nilimuuliza marehemu, "Babu, mbona huu bado mweusi tii?" Akanijibu, "Kwa mdomo huo utaolewa na nani?"

Tarehe 14 Septemba 2021 aligundulika na saratani ya tumbo, akalazwa, na aliyemlisha kwa kijiko kila siku ni Mama. Mwezi uliofuata, mimi nikiwa nimesimama mlangoni, alimwambia, "Mkufu ule ni jiwe. Siku ile ile nilinawa mikono nikaupima tena. Salfa ile ilikuwa harufu ya mayai vidoleni mwangu." Mama akauliza, "Baba, mbona hukusema?" "Mbele ya akina Leadley? Wangenicheka mpaka leo. Niahidi hutasema."

Mama aliahidi. Mimi sikuahidi.

Alifariki tarehe 17 Novemba 2021, akiwa na miaka tisini, ameacha binti mmoja na mjukuu mmoja. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani walioleta chakula, na kipekee wenzake wa biashara, ambao kwa miaka thelathini na miwili walipita mbele ya dirisha lile, wakaona mpira usiopauka, wakajua, wakanyamaza. Asanteni sana. Mkufu nimeutoa dirishani leo asubuhi, uko shingoni mwa Mama, hapa mstari wa kwanza, na Bwana Leadley akitaka kunusa, anawe kwanza.

Babu, lala. Amani tumempa Mama.